Buni Mbili Ndani ya Boksi

Hebu fumba macho kidogo, uione kaunta ya mbao katika duka la vipuri pale Kayanga, asubuhi ya mvua. Juu yake vimepangwa vifaa vitatu vya GPS, vile vya kufunga kwenye usukani wa pikipiki, na mbele yake amesimama mwanamume mrefu, koti lake likichuruzika maji. Huyo ni Lameck wa Mabira. Kazi yake ilikuwa kubeba sampuli za damu kutoka zahanati za vijijini hadi hospitalini, na ukungu wa milima yetu ulikuwa umempoteza mara mbili mwezi ule. Simu aliyokuwa akiitegemea ilikuwa imeingia maji, ikafa.

Winston, mwenye duka, alimwonyesha kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa na kioo kikubwa, lakini juani huoni kitu. Cha pili kilitaka uvue glovu kila unapokigusa. Cha tatu kilikuwa kimetumiwa na mtu mwingine. Kilikuwa kidogo, kizito mkononi, vitufe vyake vinene, na sauti yake ilisikika hata injini ikinguruma. Lameck alikipenda hichohicho. Alipofungua boksi alikuta kipande cha jani kavu la mgomba, na ndani ya jani, buni mbili za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa.

Wewe na mimi tungefanya kama yeye. Kwetu mgeni hata hajamaliza salamu anawekewa buni kiganjani, na kuikataa ni kumdharau mwenyeji. Lameck alidhani ni ukarimu wa Winston. Akatupia moja mdomoni, akatafuna. Ilikuwa na chumvi, ile chumvi unayoionja ukijing'ata ulimi. Alishukuru, na Winston, aliyekuwa ameinama kutafuta nati za kufungia, hakuuliza anashukuriwa kwa lipi.

Alipofika nyumbani buni ya pili haikuwemo. Lile jani lilikuwa limekunjwa upya, kwa uangalifu.

Wiki ya kwanza kifaa kilimsaidia sana. Kisha siku moja, akipanda kilima cha Nyakatuntu, kikamwambia, "Baada ya mita mia mbili, pinda kulia, ndugu yangu." Lameck alicheka peke yake ndani ya helmeti. Jioni ile hakucheka. Kifaa kilikuwa mezani, kimezimwa, kioo cheusi, na mkewe Avelina, ambaye mimba yake ilikuwa imetimiza miezi tisa, alimwita kwa kidole tu. Kilikuwa kinanong'ona.

"Kilomita nne. Endelea moja kwa moja."

Hakikuwa kinasema nao. Kilikuwa kinamwelekeza mtu.

Jioni ya pili kilisema kilomita tatu. Jioni ya tatu kilisema mbili, kisha kikataja kanisa na mteremko wa chini ya kanisa, na hiyo ndiyo njia ya kuja kwao. Chumba kilinuka kahawa iliyochemshwa, na chini ya harufu hiyo, udongo uliochimbwa leo.

Mama yake Lameck, bibi Anatolia, aliyeishi nao, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Mwanangu, ulikula buni ya nani?"

Lameck alipomweleza, mama alikaa chini. Akawasimulia kwamba zamani wanaume wawili waliotaka kuwa ndugu walipaka damu zao kwenye buni, kila mmoja akala ya mwenzake. Ndugu wa namna hiyo hanyimwi kitu nyumbani kwako, iwe kitanda, iwe ng'ombe, iwe mtoto. Avelina aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Ile ya pili ameila mwenye kifaa," alisema Anatolia. "Sasa anakuja kwa ndugu yake. Mtangulie kwake kabla hajafika kwako. Akikukaribisha, usikae. Akikupa, usipokee. Na usiseme asante."

Kulipopambazuka Lameck alifunga kifaa kwenye usukani, akabonyeza kitufe kilichoandikwa Nyumbani, ambacho hakuwahi kukigusa. Njia ikajichora yenyewe. Ilimtoa barabarani, ikampitisha kwenye kijia cha ng'ombe, kisha mahali pasipo na kijia, mpaka akaingia katika kibanja kilichoachwa miaka mingi, migomba imegeuka pori na majani yake makavu yanasuguana ingawa hapakuwa na upepo, na katikati ya migomba hiyo, kama tunavyozika wetu, palikuwa na makaburi yaliyotitia, na juu ya mojawapo mtu alikuwa ametandika nyasi mbichi, zimekatwa asubuhi ileile, kama tunavyomtandikia mgeni anayesubiriwa.

"Umefika," kifaa kilisema. Injini ikazimika.

"Karibu, ndugu yangu. Kaa."

Sauti hii haikutoka kwenye kifaa. Ukungu ulipasuka kidogo, na kiganja kirefu kikanyooshwa mbele yake, na katikati ya kiganja kulikuwa na buni moja, imelowa, na Lameck, aliyefundishwa adabu tangu akiwa mdogo, alihisi mkono wake ukiinuka wenyewe kupokea, na neno la kushukuru likimjia mpaka kwenye meno, akaling'ata, akaurudisha mkono nyuma kwa nguvu kana kwamba anauvuta kutoka matopeni.

"Sina ndugu hapa," alisema.

Sauti ilijibu bila hasira. "Kama hukai kwangu, nitakaa kwako."

Aling'oa kifaa, akakitupa kaburini, akaisukuma pikipiki kuteremka kilima mpaka ikawaka.

Nyumbani mlango ulikuwa umekomewa. Alipoita, mama yake aliuliza kutoka ndani, kwa sauti ndogo, "Wewe ni Lameck wa ngapi?"

Lameck akapenyeza vidole chini ya mlango. Anatolia alikitambua kile kilichokosa kucha tangu kilipobanwa na mnyororo wa pikipiki, akafungua. Alimweleza kwamba mtu alikuwa amebisha hodi mara tatu kwa sauti yake, akiomba kukaribishwa tu, hakutaka kingine. Avelina, katikati ya uchungu, alifungua mdomo kumjibu mumewe, na Anatolia akauziba kwa kiganja. Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, mzima.

Lameck alitazama uani. Nyayo nyembamba zilikuja mpaka kizingitini. Hakuna zilizorudi.

Mtoto ana miaka mitatu sasa, anacheza na kucheka sana. Lakini mbele ya mlango ule pana mahali padogo, pa kutosha miguu miwili, ambapo udongo haukauki hata kiangazi.

Kwa hiyo nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukifika Mabira, ukabisha hodi katika nyumba moja chini ya kanisa, na mwenyeji akatoka kimya, akakushika mkono na kukuingiza ndani bila kusema neno, usimwone hana adabu. Yuko mwingine, amesimama hapohapo ubavuni mwako, anasubiri kusikia mtu akisema karibu.