Neno la Kabla ya Kura

Stendi ya Babati ilifurika watu asubuhi ile. Najma alisukumana hadi kwenye dirisha la vifurushi, akapewa boksi lake, akalikumbatia kifuani juu ya baibui jeusi na kuondoka haraka. Alikuwa akisubiri wino wa mashine ya kuchapia. Alipolifungua dukani kwake, akakuta barafu na vichupa vya chanjo ya kuku.

Hajajua la kufanya, mara kijana mrefu mwenye shati la drafti lililolowa jasho akasimama mlangoni, boksi jingine mikononi.

"Samahani dada. Nadhani una chanjo yangu."

"Na wewe una wino wangu. Umejuaje niko hapa?"

"Jina la duka liko juu ya boksi. Ningelisoma kulekule stendi, nisingekufahamu."

Aliitwa Hatibu, muuza dawa za mifugo, mzaliwa wa Mutuka. Kesho yake alirudi kutoa nakala ya karatasi moja. Keshokutwa, karatasi moja tena.

"Kwa nini usilete zote siku moja?" Najma akamuuliza.

"Nikizimaliza leo, kesho nitakuja na sababu gani?"

Najma akainamisha uso kwenye mashine ili asionekane anavyocheka. Baada ya miezi miwili, simu ya Hatibu ndiyo iliyokuwa ikimwamsha Najma kila asubuhi. "Umeamkaje, mpenzi?" Naye Najma hujibu, "Nimeamka na wewe masikioni, nitaamkaje vibaya?"

Wakati huo Hatibu alikuwa ameteuliwa na chama chake cha upinzani kugombea udiwani wa kata ya Mutuka. Mchana mmoja alimletea Najma ilani yake aichape. Jambo la kwanza lilikuwa kisima cha pili, chenye birika la mifugo pembeni, ili ng'ombe na ndoo za akina mama wasigombanie maji.

"Ukimaliza, ifute kwenye mashine," Hatibu alisema kwa sauti ya chini.

"Mtaitangaza lini?"

"Wiki ya mwisho. Tukiitoa sasa, wenzetu wataichukua waifanye yao."

"Waichukue. Kisima si kitachimbwa?"

"Siasa haiendi hivyo, Najma."

"Mimi sinunui kitenge kilichofungwa ndani ya mfuko, nisichokiona. Mtu wa Mutuka akupigie kura kwa lipi, kwa shati lako la drafti?" Akaipokea ile ilani. "Na baba yangu utamwambia lini?"

"Baada ya uchaguzi. Sasa hivi jina langu linaweza kumletea shida."

"Kila jambo lako ni baada ya uchaguzi."

Siku tatu baadaye, Najma alipokea simu kutoka namba asiyoijua. Sauti ya mwanamume, ya upole kabisa, ikauliza, "Binti Mikidadi, unachapa nini humo dukani?" Kisha ikakatika.

Tangu siku hiyo, pikipiki ikisimama nje, aliacha kazi na kuchungulia mlangoni. Alianza kufunga mlango adhuhuri, wateja wakibisha. Hakumwambia Hatibu. Aliona mtu aliye kwenye kampeni ana hofu zake za kumtosha.

Wiki haijaisha, mgombea wa chama kingine akapanda jukwaani Mutuka na kuahidi kisima cha pili, chenye birika la mifugo pembeni. Hatibu aliingia dukani bila salamu.

"Ilani imepita mkononi mwako tu."

"Unaniuliza au unanihukumu?"

"Kuna mtu wa upande wao amekupigia simu?"

Najma alinyamaza. Alikumbuka ile sauti ya upole, akaogopa kuitaja. Hatibu alimtazama mpaka ukimya ule ukawa jibu, akageuka na kutoka.

Jioni Najma alimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Kesho yake imezimwa, na duka la dawa za mifugo limefungwa. Muuza chai wa jirani akasema amesikia kuna mgombea amechukuliwa na gari lisilo na namba. Hakujua ni yupi. Hasira yote ya Najma iliyeyuka, akabaki anaomba amwone hai hata kama hatamsemesha tena.

Asubuhi ya tatu alipanda bodaboda hadi Mutuka. Kisimani aliwakuta wanawake, akamwendea mzee kuliko wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni Mama Nalangu. Unamtafuta nani?"

Najma akamweleza yote, hata habari ya ilani. Mama Nalangu akaweka ndoo chini.

"Hatibu yuko kwa mama yake, pale kwenye mahindi. Hakuchukuliwa, amejificha. Na hiyo siri yenu, siri gani? Alikuja hapa akatuuliza shida yetu, tukamwambia kisima na birika. Yule mwingine naye akaja akauliza, tukamwambia hivyohivyo. Tungemwambia nini kingine?"

Hatibu alikuwa ameketi uani, ndevu zimeota, macho yamemtumbukia. Alipomwona Najma alisimama, lakini hakusogea.

"Ulipotoka kwangu na wewe ulipigiwa?" Najma aliuliza.

"Nilipigiwa, nikakimbilia huku. Sauti ya upole."

"Mimi walinipigia kabla yako. Nilinyamaza kwa woga. Sikuuza neno lako."

Kisha akampa maneno ya Mama Nalangu. Hatibu alisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso kwa viganja.

"Nisamehe, Najma. Nilikuwa nawaficha watu maneno yao wenyewe."

"Na mimi je, utaendelea kunificha?"

Hatibu akaingia ndani, akatoka na ile ilani mkononi.

Siku ya Jumamosi aliisoma ilani yote mbele ya watu wa Mutuka. Mtu mmoja alisimama nyuma akipiga picha nyuso za wasikilizaji, na wachache wakaondoka walipomwona. Mama Nalangu hakuondoka. Aliuliza birika litajengwa upande gani, Hatibu akamjibu.

Kesho yake saa nne, Hatibu alibisha hodi nyumbani kwa Mzee Mikidadi. Najma alisimama nyuma ya pazia.

"Shikamoo mzee. Nampenda Najma, nataka kumuoa. Mimi ni mgombea wa upinzani. Naweza kushinda, naweza kushindwa, na ninatishwa. Nimeona ulijue hilo kabla ya kura, siyo baada yake."

Mzee Mikidadi alimwonyesha kiti.

"Naogopa, kijana. Sikufichi. Nimeishi mji huu miaka sitini nikikwepa mambo haya." Akaita, "Najma, wewe unaogopa?"

Najma akatoka nyuma ya pazia. "Naogopa sana, baba."

"Na bado unamtaka?"

"Namtaka."

Mzee akamgeukia Hatibu. "Basi leta wazee wako Ijumaa. Waje mchana, tena wapite mlango wa mbele."