Majibu ya Fundi Lifti

Lifti ya hospitali iligoma siku ya kliniki, ukumbi ukafurika watu. Katikati ya zogo alisimama mpimaji wa maabara, gauni la kijani chini ya koti jeupe lililonyooshwa vizuri, mikononi trei ya chupa za damu. Mzuri? Jamani, hata wagonjwa walisahau kulalamika.

Fundi lifti alichomoza shimoni, ovaroli limelowa grisi.

"Dada, lete nikubebee. Kosa ni la lifti yangu."

Walipofika ghorofa ya tatu kwa ngazi, fundi alikuwa hoi, anahema, bega ukutani.

"Kaka, nibebe trei au nikubebe wewe?"

"Ngazi zenu ndefu mno."

"Ngazi hazina kosa. Ni sigara hizo, nazisikia hadi huku." Mpimaji akarudi nyuma kidogo, akacheka. "Usinione nakukimbia. Nina pumu, moshi ukinikaribia nalazwa."

Kicheko kile kilimmaliza fundi. Wiki haikuisha, simu zikawa hazikatiki.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe umevuta?"

"Mwanamke wewe, huna salamu nyingine?"

Mpimaji alimpenda, tena sana, ila alimwambia wazi: hataolewa na mvutaji. Hakuwa anaringa. Kifua chake kisingeweza kulala chumba kimoja na moshi.

Fundi akaamua, na hapa namvulia kofia, maana sigara alizianza tangu chuo cha ufundi. Alitetemeka, akakosa usingizi, akagombana na kila mtu kazini. Mwishowe mwenzake akampa vifuko vya nikotini, vile vidogo vyeupe vya kubana kati ya ufizi na mdomo. Havina moshi. Kiu ikatulia. Simu ikapigwa.

"Laazizi, nimeacha! Huamini, nipime!"

Basi akatia mguu mtegoni mwenyewe. Asubuhi alifika dirisha la maabara na kikopo cha mkojo, kapiga shati jipya, anatabasamu utadhani kaleta maua. Mpimaji akapima nikotini. Ilikuwa tele.

"Umenidanganya," alimwambia kwenye simu.

"Haki ya Mungu sijagusa sigara!"

"Kipimo hakina ugomvi na wewe. Usinipigie tena."

Akakata, akajifungia stoo akalia mpaka wanja ukamchuruzika.

Fundi alikaa na simu mkononi, kachanganyikiwa. Kisha ulimi wake ukagusa kifuko chini ya mdomo. Lo! Alikimbia hadi maabara, akaweka kopo la vifuko mezani mbele ya mpimaji.

"Nikotini yako hii hapa. Moshi nimeacha kweli. Hiki niliona aibu kukisema."

Mpimaji alikwenda kliniki ya kifua, akaazima kifaa cha kupulizia kinachopima sumu ya moshi kwenye pumzi.

"Puliza. Mpaka mwisho."

Namba ikasimama chini kabisa, ya mtu asiyevuta. Machozi yakamlengalenga mpimaji.

"Lami, hewa chafu, vyote vile vya kwenye moshi umeviepuka. Lakini usivimbe kichwa! Hivi navyo si peremende. Nikotini bado imekushika, na moyo wako unaujua mzigo wake."

"Navipunguza, mpenzi. Vinanishinda, lakini napunguza."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona nimefanya kazi nusu."

"Nusu? Mwanaume kapigana na mwili wake mwenyewe ili mimi nipumue, halafu aiite hiyo nusu!" Alifuta machozi kwa mkono wa koti. "Mimi hajawahi mtu kunifanyia hivyo, si ndugu si rafiki."

"Basi nikimaliza kabisa, nitakuja kwenu."

"Nani kakwambia usubiri? Njoo Jumamosi. Baba akiuliza una nini mdomoni, mwambie ukweli."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kuthubutu tangu wajuane. Alizika uso kwenye kifua cha fundi, akavuta pumzi ndefu, akaishusha taratibu, na kifua chake hakikubana.