Mayi ya Mheshimiwa

— Mayi! Leta mayi, mbio!

Mzee Christopha alikuwa amekabwa na mwiba wa mgebuka, macho yamemtoka pima. Zita akamkimbilia baba yake na glasi. Mzee akanywa, akapumua, akacheka. Aliyeshindwa kucheka ni Mama Emerensiana, aliyetoka Kasanga na samaki hao kuja na mwanawe Isdori kumposa Zita. Aliiweka sahani yake chini.

— Mheshimiwa, umesema mayi?

— Nimesema maji, mama. Nilikabwa.

— Mayi tunasema sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa. Wewe fomu yako ya ubunge si imeandika Mfipa, mzaliwa wa Mwazye?

Mama Emerensiana akamsogelea mzee katikati ya sebule ile ya Chanji.

— Tangu niingie najiuliza sura hii nimeiona wapi. Kumbe Luteni! Luteni wa gereza la yule dikteta wa kwetu ng'ambo. Mume wangu anakufa kwa kiu, wewe umesimama mlangoni unakunywa, unamuuliza, “Unataka mayi?” Mimi wakati ule nina mimba ya huyu mwanangu Isdori.

— Mama, taratibu, — Isdori akamshika bega.

— Twende, mwanangu. Nyumba hii hatuoi.

Wakaondoka. Zita akamgeukia baba yake.

— Baba, ni kweli?

— Nilikuwa askari, naagizwa. Mkubwa wetu alipoanguka nikavuka ziwa, nikajipa jina, nikaanza upya.

— Marehemu mama alijua?

— Amekufa anajua. Sasa nisikilize. Huyo mwanamke hana kibali hata cha kuishi hapa. Nikiwapigia Uhamiaji, leo leo anarudishwa kwao. Mwambie Isdori amnyamazishe mama yake, na uchumba huo uishe!

Simu ya Zita ikatoa mlio wa ujumbe: “Zita nakupenda, ila mama anatetemeka tu, anaogopa kurudishwa. Tuko stendi. Nisamehe, usinitafute.”

Tangu utoto Zita aliiogopa sauti ya baba yake ikipanda. Leo aliiogopa zaidi, maana sasa alijua ilijifunzia wapi kupanda: gerezani.

— Piga, baba.

— Unasemaje wewe?

— Wapigie. Wakifika nitawaambia wa kuchukuliwa ni wawili, na mmoja anagombea ubunge.

Mzee akanyanyua mkono. Zita akafumba macho, akasubiri kofi. Weee! Alisubiri mpaka masikio yakamvuma. Alipofumbua, baba yake alikuwa ameketi, simu ameitupa kwenye kochi, jasho linamtiririka.

Zita akampigia Isdori palepale, mbele ya mzee.

— Msipande gari. Kesho baba anajitoa kugombea. Asipojitoa, nitakwenda mwenyewe Uhamiaji kusema.

— Zita, atakuua!

— Naogopa, Isdori. Naogopa sana. Mwulize mama kama atanipokea hivi hivi, mtoto wa Luteni.

Upande wa pili simu ikahamia mkono mwingine. Kilisikika kilio, halafu pua ikipengwa.

— Zita?

— Abee, mama.

— Toka humo ndani sasa hivi, usibebe kitu. Isdori! Hebu kata tiketi ya tatu ya Kasanga.