Sisimizi wa Mnara wa Saa

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumatatu, bamba la shaba lililokaa miaka mia na ushee kwenye Mnara wa Saa wa Rahimkot lilikuwa limetoweka. Chini ya tao la matofali mekundu, mahali pake palikuwa pamezibwa kwa lipu mbichi, laini, na sisimizi wameifuata kwa foleni. Inspekta Zaheer Gondal aliwapangusa kwa kidole, akamfuata Boota, mnunuzi wa vyuma chakavu sokoni.

"Shaba iko wapi?"

"Afande, mwizi gani anaiba halafu anapiga lipu? Mimi ningekimbia hata viatu nikaviacha!"

Soko zima likacheka. Zaheer akapandwa na hasira, akamzaba kofi mbele ya muuza chai na kumtia ndani. Ghala la Boota lilipekuliwa siku mbili bila kupatikana kitu.

Jumatano asubuhi, ofisini, Zaheer alikuta sisimizi kwenye kisahani chake cha sukari guru. Akaacha chai, akarudi mnarani, akaiweka chembe ya lipu ulimini. Ilikuwa tamu. Mjini kote mafundi wanatumia saruji. Mmoja tu bado anachanganya chokaa na sukari guru na maji ya dengu, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuukarabati mnara.

Saa nne alikuwa nyumbani kwa fundi huyo, Ustadh Sharif Din.

"Ustadh, lipu yako tamu."

Mzee aliinama kando ya kitanda. "Ningeacha tundu, mvua ingeingia ukutani. Mkono ulikataa, mwanangu."

Akalivuta bamba kutoka uvunguni. Chini ya jina la gavana Mwingereza, maandishi yaliyofichwa na masizi yalikuwa yanang'aa: shukrani kwa fundi Karam Din, aliyebomoa mtaa wa wafumaji kupisha mnara.

"Si babu yako huyu? Aliyefungwa kwa kukataa kuwajengea Waingereza?"

"Ndivyo tulivyosimulia. Kila sikukuu ya uhuru nakalishwa kiti cha mbele kwa ajili yake. Nililisugua mwenyewe wiki iliyopita, nikasoma, nikaamua watu wasilione."

"Na Boota? Ulijua yuko ndani?"

"Nilijua. Na ukoo wake ni wa wafumaji hao hao." Mzee alijifunika uso kwa kilemba. "Nilikula, nikalala. Naona haya."

Zaheer alitaka kumkaripia, akakosa uso wa kufanya hivyo. Alimpeleka kituoni bila pingu, akaenda kufungua selo kwa mkono wake.

"Umeachiwa, Boota. Nenda nyumbani."

"Niende vipi? Binti yangu hajaenda shule tangu Jumatatu. Wanamwita mtoto wa mwizi."

Wakatoka pamoja hadi kwa muuza chai. Watu wakageuka. Zaheer alihisi masikio yanamchoma kwa aibu.

"Boota hakuiba," alisema. "Nilikosea."

Boota alimtazama. "Kofi lilisikika mpaka msikitini, afande. Sema tena."

Inspekta akavua kofia, akasema tena, kwa sauti ya kufika msikitini.