Toba Aliyoiruka Mwalimu Zefania

“Hakutubu,” alisema Mzee Filipo. “Mmeona wenyewe. Mchezo umekwisha na hakutubu.”

Walikuwa wakishuka kilima cha misheni, jua la saa kumi na moja likiwapiga usoni, watu wengi kama wanaotoka mnadani. Wengine walikuwa wamekuja kwa lori kutoka Singida kwa ajili ya Mwalimu Zefania peke yake. Sauti yake ilikuwa imesikika mara mbili katika redio ya Dar es Salaam, na tangu hapo hakuna aliyemtaja kwa sauti ndogo. Raheli alitembea katikati ya shangazi yake Anastazia na Mzee Filipo seremala, mikono ameificha ndani ya kanga. Kesho, Jumapili, tangazo la tatu la ndoa yake na huyo Zefania lingesomwa kanisani. Jumamosi iliyofuata angekuwa mke wake.

“Mzee Filipo, una wivu tu,” alisema Anastazia. “Ulipocheza kipofu wewe, hakuna aliyelia.”

“Hawakulia kwa sababu nilijikwaa kwenye kiti wakacheka. Lakini mchezo ule naujua, dada. Naujua mpaka mwisho wake.”

Ulikuwa mchezo wa zamani wa Kimarekani. Bibi Karolina, mmisionari, aliugeuza kwa Kiswahili mwaka ule baada ya vita, watu wa kijiji wakaucheza, na sasa, baada ya miaka tisa, umerudishwa kwa sababu amepatikana mtu wa kuubeba. Ni habari ya mkulima kipofu na wanawe wawili. Mdogo anakwenda mbali kufanya kazi, anaandika barua. Mkubwa anamsomea baba barua hizo, na kila mara anageuza maneno, mpaka baba anaamini kwamba mdogo amemsahau. Miaka tisa iliyopita yule mkubwa alipiga magoti mwishoni, akatubu, akazisoma barua za kweli moja baada ya nyingine. Leo Zefania, aliyecheza yule mkubwa, alizikunja, akazitia ndani ya koti, akapokea baraka za baba, na shuka lililokuwa pazia likashuka. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka.

Njiani wakabishana. Karani mmoja kutoka Singida alisema afadhali hivyo, mtu mwenye jina hapigi magoti mbele ya watu wote. Mama mmoja alisema yeye alikwisha kumsamehe kwa ile sauti, hata kama angeua. Anastazia akasema wa kulaumiwa ni kipofu mwenyewe.

“Angetafuta msomaji wa pili,” alisema. “Mtu unasomewa na mdomo mmoja miaka yote, unategemea nini?”

Wakacheka. Raheli hakucheka. Alipunguza mwendo.

“Mzee,” aliuliza, “ni nani aliyeiondoa ile toba?”

Mzee Filipo alitazama nyuma kwanza. “Mwenyewe. Alhamisi nilikuwa napigilia mbao za jukwaa, wao wanafanya mazoezi. Alifika pale pa kupiga magoti, akanyamaza. Bibi Karolina akamkumbusha maneno. Akanyamaza tena. Halafu akasema, ‘Bibi, maneno haya siyawezi.’ Mtu aliyesoma redioni, Raheli. Nilidhani anaumwa.”

Kabla Raheli hajajibu, nyayo zilisikika nyuma yao. Alikuwa Zefania, shati jeupe, paji la uso bado lina jasho la jukwaani. Watu wakampisha njia.

“Shikamoo, Mzee Filipo. Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba.”

Akamvuta Raheli pembeni kwa adabu, kama mchumba anavyoruhusiwa mbele ya watu. Alimwuliza kama ameupenda mchezo. Raheli akasema ameuona. Zefania akatabasamu, akauliza kama bado anakwenda ngumbaru, lile darasa la watu wazima la jioni.

“Bado nakwenda.”

“Ukishaolewa utapumzika. Macho yangu yanatutosha wawili.” Kisha akashusha sauti. “Na zile barua? Tulisema haziingii nyumba mpya. Umezichoma?”

“Nitakujibu kesho.”

“Kesho ni siku ya tangazo.”

“Ndiyo.”

Alimtazama kwa muda mfupi kuliko inavyofaa, au mrefu zaidi, Raheli hakujua. Kisha akaitwa na watu wa Singida, akaenda.

Zilikuwa barua tano, ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Ziliandikwa na Naftali, kijana wa kijiji hicho hicho aliyekwenda Itigi mwaka wa hamsini na moja kufanya kazi ya reli. Waliahidiana. Siku hizo Raheli hakujua hata herufi moja, na mfuko wa posta wa misheni ulipitia kwa Mwalimu Zefania. Basi yeye ndiye aliyemsomea, na yeye ndiye aliyemwandikia majibu. Tatu za kwanza zilimfurahisha. Ya nne Zefania aliisoma polepole, akitua kwa huruma: Naftali ameoa Tabora, asingojewe. Ya tano ilisema mke amejifungua, kwaheri. Raheli alilia msimu mzima wa kupalilia. Zefania alikuja kumfariji, akaenda Dar es Salaam, akarudi na jina, akaleta posa.

Ngumbaru alikuwa ameanza mwaka uliopita, akitaka kujisomea Injili tu. Maandiko ya chapa aliyaweza sasa. Lakini mwandiko wa mkono, herufi zimeshikana kama mizizi, ulimshinda, na tena aliogopa. Nani anataka kusoma mwenyewe habari ya kuachwa?

Jioni ile, kabla jua halijazama, alikaa mlangoni na kopo mapajani. Alifumba macho. “Bwana Yesu,” aliomba, “kama ni kweli aliyonisomea, nipe nguvu ya kumpenda mume wangu. Kama si kweli, nipe nguvu ya kujua.” Akaifungua ya nne, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Ilimchukua muda mrefu. Neno lililomshinda aliliruka, akarudi, akalitamka kwa midomo. Kuku walipanda kulala, Anastazia alimwita mara mbili kwenye chakula, hakuitika. Mwanga ulipokuwa unakwisha alikuwa amemaliza ya tano. Hakulia. Alibaki ameshika kopo kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hana pa kuitua.

Asubuhi alimkuta Zefania darasani karibu na kanisa, amesimama peke yake akijifunga tai. Kengele ya kwanza ilikwisha kulia.

“Umependeza,” alisema Zefania.

“Naomba unisomee barua hii, Mwalimu. Mara ya mwisho.”

Aliiona karatasi, na mkono wake ukasimama shingoni. “Ulisema utazichoma.”

“Sikusema. Wewe ndiye uliyesema. Nisomee, kisha tutaangalia.”

Akaichukua. Akasafisha koo. Sauti ikatoka nzuri kama ya jana, ikitua palepale ilipotua miaka miwili iliyopita: “Raheli, nakuandikia kwa uchungu. Nimeoa Tabora. Usiningoje. Mungu atakupa mwingine aliye karibu.”

Raheli alikuwa akiyatazama macho yake. Darasani kwao walifundishwa kwamba macho ya msomaji hutembea kutoka mstari hadi mstari. Ya Zefania yalisimama mahali pamoja.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Ni barua ndefu, Mwalimu. Imejaa kurasa mbili.” Akanyoosha mkono akaichukua. Aliweka kidole. Alisoma polepole, akikwama, kama wanavyosoma watu wa ngumbaru. “Mpenzi Raheli. Nime-pewa chumba cha reli hapa Itigi. Kina dirisha. Shangazi yako aki-kubali, njooni wote. Kila Jumamosi nitakuwa pale lori la kutoka Singida li-napofika.”

Zefania alikaa juu ya dawati.

“Na nilipokuambia umjibu kwamba namtakia heri,” alisema Raheli, “uliandika nini?”

Zefania aliutazama mlango.

“Yeye ameniambia. Imo katika ya tano. Nimepata mwingine, asiniandikie tena. Anasema aliisoma mara nne kwa sababu hakuamini.”

“Nilikupenda,” alisema Zefania. Sauti ile ya redioni haikuwepo. Ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida. “Nilikuwa nakuona kila wiki unakuja na barua ya mtu mwingine, unakaa pale, unafurahi. Uso ule ulikuwa wake, na mimi ndiye niliyeuona. Neno moja tu niligeuza. Kisha la pili likawa lazima. Raheli, miaka miwili hii sijakukosea kitu kingine.”

“Najua.”

“Basi nisamehe, tufunge kurasa. Yule amekwisha kuoa sasa, utaona. Utabaki na nini?”

Raheli alikunja barua. Aliongea taratibu. “Kukusamehe nitakusamehe, nimeanza kuomba tangu usiku. Lakini Mchungaji Petro akiuliza kama kuna kizuizi, simama wewe. Useme mwenyewe. Jana uliiruka toba mbele ya watu. Leo usiiruke.”

“Unataka kuniua.”

“Nakupa nafasi. Sitakupa nyingine.”

Kengele ya pili ikalia.

Kanisa lilijaa kuliko siku zote, maana wageni wa Singida walikuwa wamelala kwa jamaa ili wamwone tena mwigizaji wao. Zefania alikaa upande wa wanaume, kiti cha pili. Raheli alikaa upande wa wanawake kati ya Anastazia na mlango. Waliimba. Mchungaji Petro akafungua daftari la matangazo, akasoma kwa sauti yake kavu: kwa mara ya tatu na ya mwisho, Zefania mwana wa Laurenti anataka kumwoa Raheli binti wa marehemu Marko. Kama kuna mtu ajuaye kizuizi, aseme sasa, au anyamaze siku zote.

Raheli alimtazama Zefania. Alikuwa amelitazama jukwaa dogo la mimbari, mikono juu ya magoti. Mtu mmoja alikohoa. Mchungaji alingoja, kama desturi, pumzi mbili tatu, kisha akaanza kufunga daftari.

Zefania hakusimama.

“Kipo,” alisema Raheli.

Anastazia alimvuta kanga. “Mwanangu, kaa chini.”

“Shangazi, jana ulisema kipofu angetafuta msomaji wa pili. Nimempata.”

Akaenda mbele, akasimama chini ya mimbari, akafungua barua ya nne. Aliisoma yote, kidole kikitembea. Alipokwama katika neno “stesheni”, hakuna aliyemcheka. Kisha akasoma ya tano. Karani wa Singida alikuwa ameinamisha kichwa. Mama yule aliyesema amekwisha kumsamehe kwa ajili ya sauti alikuwa amefunika mdomo. Kabla hajafika mwisho, kiti cha upande wa wanaume kililia, na Mwalimu Zefania akatoka kwa mlango wa pembeni, taratibu, bila kumtazama mtu. Huo ndio mchezo wake wa mwisho ulioonekana katika misheni ile. Ng’ombe wa posa walirudishwa kabla ya mwezi kuandama.

Kuna waliosema Raheli amemwaibisha mtu mkubwa. Kisimani maneno yalikuwa mengi, na wengine waliacha kumsalimu. Mzee Filipo peke yake alipita na randa yake begani, akasema, “Mimi nilikuwa kipofu wa mchezo, mwanangu. Sikujua kwamba mwingine yuko hapa kijijini.” Akaenda zake.

Raheli aliandika barua yake ya kwanza maishani. Aliiandika siku nne. Hakulalamika ndani yake. Alisema tu yaliyotokea, na kwamba mkono huu ni wake.

Jibu lilikuja baada ya majuma matano. Aliipokea bahasha mwenyewe posta ya misheni, akaifungua hapo hapo barazani, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyeiona barua yake kabla yake.

“Kwako Raheli, au kwa yeyote aliyeandika. Mwandiko huu siujui. Sijaoa. Lakini barua zilinidanganya mara moja, na nilikaa miezi nikienda kazini kama mtu aliyekufa. Siwezi kurudia. Kama ni wewe kweli, niandikie jambo ambalo Mwalimu hakulijua. Naftali.”

Nyumbani alichukua kalamu, akaandika mstari mmoja, akaukata. Akaandika mwingine. Anastazia alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

“Unamjibu nini?”

“Simjibu.”

“Baada ya yote haya?”

“Hata nikiandika nini, shangazi, itakuwa karatasi tena.” Akakunja ile karatasi tupu, akaitia ndani ya kopo juu ya zile nyingine, akafunga kifuniko. “Lori la Singida linaondoka Ijumaa alfajiri. Jumamosi kutoka huko lipo la Itigi. Funga mzigo wako.”

Anastazia alishusha mikono kutoka kiunoni. Akaenda kutafuta kikapu.

Lori liliingia Itigi mchana wa Jumamosi, limejaa madebe ya asali na vumbi la vichaka. Njia yote Raheli alikuwa akiomba kimya, si kwamba Naftali awepo, bali kwamba yeye mwenyewe asigeuke akarudi. Lori liliposimama aliona watu wachache wakingoja mizigo yao. Nyuma yao, kando, alisimama mwanaume mwenye kofia ya reli, mikono mfukoni, akitazama abiria wanavyoshuka kama mtu afanyaye jambo la mazoea bila kutegemea kitu tena.

Raheli alishuka, akavuka barabara, akasimama mbele yake.

Naftali alitoa kofia. Alimtazama usoni, kisha akalitazama kopo la biskuti alilolishika.

“Barua yangu,” aliuliza, “ni nani aliyekusomea?”

“Nimesoma mwenyewe.”