Anabaki Nakijwa

Nakijwa ana miaka minane. Ni mgeni Darasa la Tatu.

Kwao mlimani ilinyesha mvua kubwa. Tope likashuka, vuuuu! Likafukia nyumba yao. Mama yake Nakijwa akafa. Sasa Nakijwa anaishi kwa shangazi.

Leo Mwalimu Senzia anafundisha kugawanya. Anawapeleka watoto uwanjani. Wako ishirini na watano.

Priii! Filimbi inalia. "Wawili wawili!"

Pata, pata, pata! Watoto wanakimbia, wanashikana mikono. Nakijwa hashikwi na mtu.

Anabaki mmoja. Anabaki Nakijwa.

"Anayebaki anaitwa baki," anasema mwalimu. "Baki, kaa kwenye ngazi ya darasa."

Priii! "Watatu watatu!" Pata, pata, pata!

Anabaki mmoja. Anabaki Nakijwa.

Priii! "Wanne wanne!" Pata, pata, pata!

Mnajua nani anabaki. Anabaki Nakijwa.

"Kabla hujaja tulikuwa ishirini na wanne," anasema Mbonea. "Tuligawanyika vizuri tu. Hakubaki mtu."

Hesabu ya Mbonea ni sahihi. Inauma hivyo hivyo.

Mwalimu Senzia si mtu mbaya. Anapenda hesabu mno, anasahau kutazama nyuso.

Nakijwa anakaa kwenye ngazi. Anamtaka mama. "Kesho siji shule," anajiambia. "Siji tena kabisa."

Mwalimu anachora kisanduku chini kwa fimbo.

"Ishirini na tano, gawanya kwa kisanduku. Asibaki mtu. Ndani ya kisanduku kuna namba gani?"

"Haipo, mwalimu!" wanasema watoto.

Nakijwa anaokota vijiwe ishirini na vitano. Tik, tik, tik. Anapanga sita sita. Kinabaki kimoja. Anakitazama kwa hasira.

Anavipangua vyote. Tik, tik, tik. Anapanga vitano vitano. Anahesabu. Anahesabu tena.

"Tano, mwalimu," anasema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu, mwanangu."

"Tano!"

Priii! "Watano watano!" Pata, pata, pata!

Mstari wa kwanza, watano. Wa pili, watano. Wa tatu, watano. Wa nne, watano.

Mstari wa mwisho ni wa Mbonea. Anahesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne.

Anahesabu tena. Wanne!

"Nakijwa!" anaita Mbonea. "Tumepungua mmoja! Njoo, njoo haraka!"

Nakijwa anakimbia. Pata, pata, pata! Mbonea anamshika mkono.

"Nani amebaki?" anauliza mwalimu.

"Hakuna!"

Mwalimu anatazama ngazi. Haina mtu. Kisha anautazama uso wa Nakijwa.

"Nisamehe, Nakijwa," anasema. "Nilikukosea."

Usiku Nakijwa anamlilia mama. Shangazi anamfuta machozi, anamfunika shuka vizuri.

"Kesho utaweza kwenda shule?" anauliza shangazi.

"Nitaenda," anasema Nakijwa. "Nisipoenda, watapungua mmoja."

Anafumba macho. Analala.