Kilichosimama Chini ya Kayaki

Mwaka wa pili baada ya uporaji mkubwa wa mjini, Constantin Ngosa alikwenda soko la mtaa wa Kenya kununua mashine ya kuona samaki. Jua lilikuwa limeshainama, wachuuzi wanakunja turubai zao. Karakana alikokuwa fundi umeme ilikuwa imefungwa, na nyumbani watoto wake watatu walikula bukari, ugali wao, siku moja, siku ya pili wakalala na maji. Alichobaki nacho ni kayaki ya njano ya watu wawili, iliyotoka kwenye villa moja ya Golf, mtaa wa matajiri, siku zile za vurugu. Lakini samaki wa kandokando walikuwa wamekwisha. Njaa ilikuwa imemfanya kila mtu mvuvi. Waliobaki walikuwa kwenye kina.

Kapya, aliyeuza vitu vya uporaji, alimwekea mezani mashine mbili za aina hiyo, sondeur.

"Hii ya muviringo inawasha tu mwangaza," Kapya alisema. "Ile ingine iko na écran. Unaona samaki, unaona chini, unaona na mètres."

Constantin aliigeuza akasoma mgongoni. Volti kumi na mbili. Haikuwa na ulafi wa umeme.

"Utaiwekea batri ya motokari?"

"Ile iko nzito, itanipindua. Nitatia ya pikipiki, ile ya kufungwa, acide isinimwangikie ku miguu."

Kapya akacheka. "Unavuaka wapi, baba?"

"Ku carrière, ile shimo ya mawe kule Annexe."

Kicheko kikakatika. "Kule kulizama muntu, wakati ya pillage."

"Banasema," Constantin alijibu. Akamwachia koti lake la ngozi kama malipo, akaondoka na ile yenye écran, kioo cha kuonyesha.

Kesho yake alifanya kazi kwa mikono ya fundi. Betri aliitia ndani ya bidoni ya plastiki aliyoikata shingo, akaifunga nyuma ya kiti. Kwenye waya mwekundu aliweka fyuzi. Kile kidude cheusi kinachopeleka mlio majini alikifunga kwenye ubao, kikaning'inia ubavuni mwa kayaki. Akawasha. Écran ikang'aa kijivu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alitabasamu.

Jioni alikuwa juu ya maji.

Carrière ile ilikuwa shimo la zamani la kuchimba mawe, mvua za miaka zimelijaza. Maji yalikuwa meusi, yametulia. Kwa miaka miwili Constantin hakuwa amevuka katikati. Jioni ile alivuka. Mita tisa... kumi na mbili... kumi na nane. Alama za samaki zilianza kupita, ndogo, zimejikunja kama kope za macho. Akatupa ndoana. Akavuta mmoja, akavuta wa pili.

Halafu samaki wakaondoka wote kwa mara moja.

Kwenye écran kulibaki mstari mmoja. Mrefu, umesimama wima juu ya tope.

Mti, alijiambia. Mti uliozama.

Alipiga kafi mara kumi, akaangalia tena. Mstari ulikuwa palepale, chini yake. Akapiga mara ishirini, akageuza kushoto. Ukageuka naye.

Bip.

Mita kumi na nne.

Bip.

Kumi na moja.

Mti haupandi. Constantin alinyoosha mkono nyuma, akang'oa waya mwekundu, kisha mweusi. Akazishika nyaya zote mbili mkononi, hazijagusa kitu.

Écran haikuzimika.

Mita saba... Ndipo harufu ikaja. Petroli. Petroli mbichi, juu ya maji yasiyo na chombo kingine. Aliijua. Miaka miwili kabla, kayaki hii hii, mahali hapa hapa, walikuwa wanawakimbia askari waliofunga njia: yeye, rafiki yake Vital, na katikati yao jenereta ndogo waliyoitoa Golf. Ilikuwa inavuja petroli. Maji yalianza kuingia. Kitu kimoja kilipaswa kutoka. Vital alikuwa anafungua kamba ya jenereta Constantin alipomsukuma. Vital hakujua kuogelea. Kwa mkewe, Bénédicte, Constantin alipeleka habari kwamba askari wamemchukua.

Mita tatu. Moja.

Pua ya kayaki ikazama kidogo, taratibu, kama mtu ameishika kwa mikono miwili.

"Yaya," sauti ya Vital ilinong'ona kutoka kwenye maji, ikimwita kaka kama zamani. "Jenereta njo ilikuwa nzito. Haikuwa miye."

Hakukumbuka alivyofika ukingoni. Alikumbuka tu baisikeli, vumbi, na mlango wa Bénédicte. Mama yule alikuwa anapiga pasi ya makaa. Alimtazama suruali iliyolowa, akaiweka pasi pembeni.

"Mama Bénédicte, nisamehe. Vital..."

"Ingia ndani, yaya. Maneno ya vile habasemake ku mulango."

Akaingia. Akasimama katikati ya chumba, akasema yote. Bénédicte hakulia. Hakupiga kelele. Alimsikiliza kama mtu anayengoja mzigo uteremshwe.

"Nani alimusukuma?"

"Miye."

"Taja jina."

"Constantin."

"Yote."

"Constantin Ngosa."

Bénédicte akavuta pumzi ndefu. "Kesho asubuhi utanipeleka. Nataka kumuona."

Asubuhi jua lilikuwa kali, ndege wanalia kwenye matete. Bénédicte alikaa kiti cha mbele, kitenge amekikaza kiunoni. Constantin alifunga nyaya upya. Mashine ikafanya kazi kama ilivyotengenezwa. Mita tisa. Kumi na mbili. Kumi na nane. Samaki walipita, tope likaonekana, tambarare. Walivuka katikati mara moja, mara mbili, mara tatu.

Hakuna mstari.

"Hayuko," Constantin alisema, na kwa nukta moja alihisi furaha. "Mama, hayuko!"

"Najua."

Bénédicte alisema bila kugeuka.

"Mwezi ulipita nilienda kwa mufumu, ule muganga. Akaniambia, bwana yako iko mu mayi, hawezi kutoka. Mupaka jina ya mwenye alimutia litajwe ndani ya nyumba yenu, na kinywa ya mwenyewe alimusukuma. Siku zote nilikuwa nafikiri askari. Askari gani? Sikukuwa na jina."

Kafi ikasimama hewani. Matone yakaanguka, moja moja.

"Jana ulinipa," alisema.

"Mama Bénédicte... iko wapi sasa?"

Hapo ndipo alipogeuka. Hakumtazama Constantin. Aliangalia juu ya bega lake, kule ukingoni walikotoka, njia ya pekee ya kurudi nyumbani. Uso wake ukalainika, ukawa wa mwanamke anayempokea mumewe aliyetoka safari. Akainua mkono, akapunga polepole.

"Piga kafi, yaya," alisema kwa upole. "Anatungojea."

Nyuma ya Constantin, matete yalipasuka kama yanayokanyagwa. Ndege walikuwa wamenyamaza.

Hakugeuka.